Pyesi ndogo za motokari ya baba



Nilikuwa nimeahidi kuandika juu ya madaftari na mwanzo wa mwaka wa shule. Yatangoja wiki ijayo. Leo nawasimulia mambo ya pete moja ya plastiki, inayoenea kwenye kidole gumba, ambayo nusura ituuzie motokari ya marehemu baba kwa watu wa mitraye.

Wanaotufahamu hapa Bukavu wanaijua hiyo motokari. Ni Volkswagen ya mgongo wa kobe, ile tunayoiita Coccinelle. Baba aliinunua ikiwa imekwisha kutumika, akaitunza kama mtoto, na alipofariki ikabaki kwa mama. Mama haendeshi. Lakini Jumamosi za arusi kaka yangu anaipiga maji na sabuni, anaifunga maua, na bibi arusi anapanda. Feza inayopatikana inalipa masomo ya mdogo wetu wa kike ambaye yuko mwaka wa mwisho. Kwa hiyo msidhani nazungumza juu ya mchezo wa wanaume.

Siku moja vitesi zikaanza kukataa. Ya kwanza iliingia, ya pili unaitafuta kama ufunguo gizani, na ya kurudi nyuma haikupatikana kabisa. Hebu fikiri: bibi arusi yuko ndani, mbele kuna lori, nyuma ni mteremko, na kaka anatoka jasho. Tuliipeleka kwenye garaji moja. Wakasema bwati ya vitesi imekufa, lazima kuishusha na kuifungua, dola 300 za kazi tu, pyesi mbali. Baba mdogo aliposikia hivyo akaleta mnunuzi wa mitraye siku ileile. Motokari ya namna hii ina uzito wa karibu kilo 800. Nilipiga hesabu ya bei ya kilo moja kwenye jalada la daftari la mwanafunzi, nikaona jumla haifiki hata nusu ya mwaka wa masomo ya mdogo wetu.

Mama aliangalia ile hesabu, akanyamaza, kisha akaniambia: «Wewe ndiye mwalimu. Nenda ukaulize mpaka uelewe.»

Mimi nafundisha darasa la sita. Juu ya motokari nilikuwa najua kufungua mlango tu. Lakini kuuliza ndiyo kazi yangu, basi nikauliza, mpaka wakanionyesha mzee mmoja aliyetengeneza Coccinelle tangu wakati wa Zaire. Aliketi kwenye kiti cha dereva, akashika mti wa vitesi kwa vidole viwili, akautikisa, akacheka.

«Madamu, bwati ni nzima. Ona jinsi huu mti unavyolewa.»

Akanieleza, na nawaeleza kama alivyonieleza. Katika motokari hii injini na bwati vyote viko nyuma, chini ya migongo ya abiria. Mti wa vitesi uko mbele, kando ya goti la dereva. Kati yao kuna fimbo ndefu ya chuma inayopita ndani ya ule mfereji ulioinuka katikati ya sakafu. Hiyo fimbo, upande wa mbele, imeegemea ndani ya pete ya plastiki. Pete ikilika au ikivunjika, fimbo inacheza. Mkono wa dereva unasema «ya pili», lakini ujumbe unafika nyuma umeharibika, kama ule mchezo wa watoto wa kunong'onezana sikioni.

Ilimchukua asubuhi moja. Alifungua mti wa vitesi, akanyanyua kiti cha nyuma na kufungua kiungo kilicho chini yake, akatoa kifuniko kidogo kwenye pua ya shasi, akavuta fimbo kwa mbele. Kisha akaingiza mkono na kunitolea nusu ya pete, imekauka na kukatika kama biskuti. Dola 300 zilikuwa hapo, kwenye kiganja changu.

Sasa kuitafuta. Jambo la kwanza la kujua ni kwamba motokari ikiwa ya zamani haina maana kwamba pyesi zake zimekwisha duniani. Zilitengenezwa Coccinelle zaidi ya milioni 21, na ya mwisho ilitoka kwenye kiwanda cha Puebla, huko Mexico, tarehe 30 Julai 2003. Kwa hiyo pete mpya zipo. Shida ni njia. Mtoto wa shangazi aliye Bruxelles alituambia bei yake huko ni ya soda chache, lakini kuituma ni mara nyingi zaidi, na siku hazihesabiki. Sisi tulikuwa na arusi mbili zilizokwisha kulipwa nusu.

Tena tulikuwa tumekwisha kuumwa na nyoka huyo. Mwaka uliotangulia, mtoto huyohuyo alitutumia kifuniko cha tanki, na kilipofika hakikukaa. Karatasi za motokari zinasema 1968, naye akanunua cha 1968. Yule mzee alininyanyulia tena kiti cha nyuma, akafuta vumbi, akanionyesha numero iliyopigwa kwenye chuma cha shasi. Inaanza na 117. «Hiyo 7 ndiyo mwaka wake, 67. Karatasi imeandika siku ilipoandikishwa, si siku ilipozaliwa.» Tena mwaka wa kiwanda ulikuwa unaanza mwezi wa 8, karibu kama mwaka wetu wa shule. Na kati ya 67 na 68 walibadilisha mambo mengi: ya 67 unajaza esanse kwa kufungua kapo ya mbele, ya 68 ina mlango wake wa esanse nje, ubavuni. Kumbe kifuniko hakikuwa na kosa. Kosa ni letu tuliosoma karatasi bila kunyanyua kiti.

Nilifurahi zaidi aliponionyesha kwamba pyesi nyingi zenyewe zimeandikwa numero ya tarakimu tisa, nami napenda kitu chenye mpangilio. Tatu za kwanza zinaonyesha aina ya motokari ambayo pyesi ilitengenezewa kwanza. Ya nne ni fungu: 1 ni injini, 3 bwati, 6 magurudumu na freni, 7 pedali na miti ya kushika, 8 bodi, 9 umeme. Na mwishoni, kwa pyesi zilizo mbilimbili, tarakimu isiyogawanyika kwa mbili ni ya kushoto, inayogawanyika ni ya kulia. Niliwaandikia wanafunzi wangu mfano ubaoni, wakaushika haraka kuliko mimi. Basi ukituma mtu Kampala au Nairobi, usimwambie «leta kile kidude cha mlango». Mpe numero na picha. Tena umkumbushe kwamba huko usukani uko kulia. Mambo ya mlango na injini mara nyingi yatafaa, lakini ya usukani, ya pedali na ya kufuta kioo yanaweza kukupotezea feza.

Turudi kwenye pete. Mzee alisema: «Hii tutaikereza hapahapa.» Ana rafiki mwenye mashine ya kukereza chuma. Inatakiwa tu plastiki ngumu, nene, yenye utelezi. Tulizunguka soko la Kadutu bila kuona kinachofaa. Niliporudi nyumbani macho yangu yakaanguka kwenye ubao mweupe wa plastiki wa kukatia nyama, ambao mama alipewa zawadi na kuutunza. Sitasema mengi. Nilimwomba, akanitazama, akauliza kama hakuna ubao mwingine katika Kivu nzima, halafu akanipa.

Pete ya kwanza ilikuwa kazi bure, na kosa ni langu. Nilichukua ile nusu ya zamani, nikaipima vizuri kabisa kwa piyakulisi, kile kipimo cha mafundi chenye midomo miwili, nikaandika vipimo kwa mwandiko mzuri wa mwalimu. Pete ikatoka, ikaingia, na fimbo ikaendelea kucheza. Nilikuwa nimepima ulemavu! Kitu kilicholika hakikuonyeshi kilivyokuwa. Kinakuonyesha kilivyokwisha. Mzee alinipeleka kupima mahali ambapo hapajalika: unene wa fimbo yenyewe, na tundu la chuma ambamo pete inakaa. Kati ya vipimo viwili hivyo, pete inajieleza. Ya pili ilikaa, ikapakwa grisi, na vitesi zote nne zikaingia. Hata ya kurudi nyuma, ambayo kwenye Coccinelle lazima uukandamize mti chini kwanza.

Kwa kuwa mzee alikuwa amefika, mama akaongeza orodha. Mlango wa kulia haukuwa na mkono wa kuzungushia kioo. Ulivunjika zamani na baba alikuwa anatumia kolea. Bibi arusi hawezi kufungua kioo kwa kolea. Hapa lazima nikiri jambo. Nusu ya mkono ule uliovunjika ilikaa miaka ndani ya kopo la maziwa juu ya kabati, na mimi, siku ya usafi mkubwa kabla ya Noeli, nililitupa kopo na vyote vilivyomo. Mlioshika fagio mtanielewa. Tulilazimika kufungua mkono wa upande wa dereva uwe mfano.

Mkono huo tuliupeleka kwa nani? Kwa wanaosubu sufuria! Mnawajua: wanayeyusha aliminyumu kwenye makaa yenye kipepeo, wanamimina ndani ya mchanga uliobanwa kwenye masanduku mawili ya mbao. Unaweka mfano katikati, unabana mchanga, unafungua, unatoa mfano, unafunga, unamimina. Aliminyumu inayeyuka kwenye digrii 660, na moto wao unafika huko bila shida.

Lakini wale mlio washonaji mtaona hatari kabla yangu. Patroni ya gauni haikatwi sawasawa na mwili, na kitambaa cha pamba kinarudi kikifuliwa. Aliminyumu nayo inarudi inapopoa: kwa kila sentimita 10 inapungua zaidi kidogo ya milimita 1. Mkono mdogo haujali sana, ila mahali unaposhika ekseli panajali. Ndiyo sababu ukichukua nakala na kuifanya mfano wa nakala nyingine, inazidi kusinyaa. Nilifanya kama tunavyofanya shuleni kwenye kazi za mikono: nilibandika vipande vya karatasi na gundi juu ya ule mfano, tabaka kwa tabaka, nikapaka verni ya kucha ili mchanga wenye unyevu usiiharibu. Fundi alicheka, kisha akaomba ile chupa ya verni ibaki.

Tundu ndilo lilikuwa kazi. Ekseli ya kioo ina meno madogo pembeni yake, na mchanga hauwezi kuchora meno madogo hivyo. Mzee alisema tusihangaike. Tulisubu mkono bila tundu, akatoboa dogo kidogo kuliko ekseli, akaukaza taratibu kwa visi yake. Chuma ni kigumu, aliminyumu ni laini, basi meno ya ekseli yakajichimbia njia yenyewe. Haung'ai kama wa zamani, na usiutoe-toe kila mara, lakini kioo kinapanda na kushuka.

Pale kwa wanaosubu niliona kitu kilichonisumbua, nakiweka hapa kwa sababu sote tunapika. Lile rundo wanaloyeyusha lina pistoni, vipande vya injini, vifuniko, kila kitu kilichotoka garajini, na vingine vimeshikamana na madini mengine. Wapimaji waliochunguza sufuria za namna hiyo huko Kamerun walikuta zinatoa risasi kwenye chakula, na risasi inaharibu akili ya mtoto anayekua. Vitu vyenye uchachu, kama nyanya, vinaitoa zaidi. Mkono wa motokari kutoka kwenye rundo lile, sawa. Sufuria ya kupikia uji wa mtoto, mimi sasa namwuliza fundi kwanza anayeyusha nini.

Sasa sehemu ambayo mzee hakucheka. Alipofungua injini kuangalia, alikuta tiyo ya esanse imebadilishwa kwa mpira wa serumu, ule wa hospitali. Nani aliuweka, wala kaka hakumbuki. Tunaufanya sana huku kwetu kwa sababu ni rahisi na unapita kwa macho. Lakini esanse inaukausha, unakuwa mgumu, unapasuka, na hapo chini kuna injini ya moto. Katika Coccinelle yote hayo yako nyuma ya kiti cha abiria, ambapo dereva haoni moshi mpaka umechelewa. Na sisi tulikuwa tunapandisha mabibi arusi wenye vitambaa vya nailoni! Siku hiyohiyo alinunua tiyo ya kweli ya esanse, akaifunga kwa kolari. Kuna bomba dogo la shaba nyeupe na njano mlangoni mwa karbirateri ambapo tiyo hiyo inaingia. Alilizungusha kwa vidole kuona kama limelegea, kwa sababu linajulikana kutoka lenyewe na kumwaga esanse. Mwenye motokari hii amwombe fundi wake aliguse.

Nikamwuliza: kama tumeikereza pete na kusubu mkono, kwa nini tiyo hatuwezi kuibuni? Akaniambia yeye anajiuliza neno moja: pyesi hii ikivunjika njiani, nini kitatokea? Mkono wa kioo ukivunjika, unapata upepo au unapata joto. Pete ikivunjika, unasimama na kutukanwa. Jointi ya kifuniko ikivuja, unapoteza mafuta, ndiyo maana jointi anazikata mwenyewe kwenye karatasi nene: anaikandamiza juu ya chuma chenye mafuta mpaka alama itoke, kisha anaikata kwa makasi. Lakini freni ikikataa kwenye miteremko ya Bukavu? Vile vikombe vya mpira vilivyo ndani ya freni, tiyo zake, viungo vya usukani, buloni za magurudumu, hivyo hanakili, hata umpe mara tatu ya bei. Kikombe cha freni hakikatwi kwenye mpira wowote. Maji ya freni yanaharibu mipira isiyotengenezwa kwa ajili yake, inavimba au inalegea, na huioni kwa nje. Hapo unangoja ile ya kiwanda, hata ikichukua mwezi. Sisi tulingoja wiki tano, na arusi moja tukairudishia malipo yake. Mama hakufurahi. Alilipa.

Na wakati wa kufungua zile freni, mwanafunzi wake alitaka kupuliza vumbi la ndani kwa mdomo. Mzee alimshika bega. Freni za zamani zilikuwa na amianti, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu linakaa, na ugonjwa unaweza kutokea miaka mingi baadaye. Anapangusa kwa kitambaa kilicholoa, kitambaa anakitia kwenye mfuko na kuufunga. Nikawaza juu ya nguo za kazi. Nani anazikung'uta nyumbani? Ni sisi, uani, watoto wakiwa kando. Mwenye mume au mtoto garajini, loweka nguo zile peke yake kabla ya kuzigusa, usizikung'ute zikiwa kavu.

Jumamosi iliyopita motokari ilitoka. Kaka alirudi nyuma mbele ya kanisa mara mbili bila sababu, kuonyesha tu. Baba mdogo alikuwepo, akasema kwamba yeye tangu mwanzo alijua bwati ni nzima.

Ile nusu ya pete nimeiweka ndani ya kopo jipya pamoja na vipimo vyake na numero ya shasi, juu ya kabati lilelile, na nimeandika kwa kalamu nyekundu: USITUPE. Bado tunatafuta kifuniko cha tanki cha 67. Mwenye Coccinelle iliyolala kwake bila matumaini aje tuzungumze baada ya mkutano wa Alhamisi. Mama yangu naye anaomba aelezwe ni lini atapata ubao wake wa kukatia nyama.